Nani Anajibu Maswali ya Kompyuta Zetu?

Kila mtumishi wa umma anajua kazi ya masijala. Jalada likihitajika, mtu hapekui makabati yote ya ofisi. Humwuliza karani wa masijala, naye humtajia namba ya jalada na mahali lilipo. Karani huyo akikosea, kazi husimama, hata kama jalada lenyewe limo katika chumba cha pili.

Kompyuta nazo zina masijala yao. Binadamu hukumbuka majina, lakini mitambo hutafutana kwa anwani za tarakimu. Kila tunapotaja jina la tovuti au la seva ya ofisi, kompyuta haina budi kuuliza kwanza: mwenye jina hili anwani yake ni ipi? Je, ndugu msomaji, unajua kompyuta yako humwuliza nani?

Hivi karibuni nilifika katika ofisi moja ya umma nikawakuta makarani wakiandika kumbukumbu katika daftari kwa siku ya tatu. Seva yao ilikuwa chumba cha pili, nzima bila kasoro. Lakini kompyuta zao, zinazotumia Linux, zilishikilia kwamba jina la seva hiyo halipo. Fundi aliyepita alikuwa ameandika katika faili la /etc/resolv.conf anwani mbili: ya kwanza ya huduma ya kigeni, ya pili ya seva ya majina ya ofisi. Alidhani kwamba ya kwanza isipolijua jina, ya pili itaulizwa. Sivyo. Seva ya pili huulizwa pale tu ya kwanza inaponyamaza au kushindwa kufanya kazi. Ikijibu kwamba jina halipo, kompyuta huliamini jibu hilo na kuishia hapo. Na mgeni angelijuaje jina la ndani la ofisi yetu? Kosa si lake. Ni letu tuliomwuliza mgeni habari za nyumbani.

Mambo haya si uchawi. Katika Linux, ambayo ni ya jamii ya Unix, faili la /etc/nsswitch.conf hupanga utaratibu: kwa kawaida kompyuta hutazama kwanza daftari lake lenyewe, yaani /etc/hosts, ndipo iulize seva za majina. Kwa hiyo mstari wa zamani uliosahaulika katika daftari hilo huweza kushinda jibu sahihi la seva. Faili la /etc/resolv.conf hutaja seva za kuulizwa, zisizozidi 3. Moja ikinyamaza, kompyuta hungoja kwa kawaida sekunde 5 kabla ya kugeukia nyingine. Na katika mashine nyingi za leo faili hilo huandikwa na programu nyingine, hivyo anayelirekebisha kwa mkono huweza kukuta kesho kazi yake imefutwa.

Historia nayo inatufunza. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina ya kompyuta zote za mtandao wa ARPANET wa Marekani yalitunzwa katika orodha moja huko California, na kila mashine ilipaswa kuinakili. Orodha ikaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alipendekeza mfumo mpya ambao kila mwenye kikoa hutunza majina yake mwenyewe na kuyajibia. Ndiyo sababu Tanzania ina kikoa chake cha tz, na ndani yake go.tz kwa Serikali na ac.tz kwa vyuo. Kama dunia imetukabidhi masijala yetu, kwa nini tuiache bila karani?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku kama hiyo, ofisi inayouliza kila jina ng'ambo huweza kushindwa kuipata hata seva iliyo nyuma ya ukuta wake. Tena, anayejibu maswali huyaona maswali. Majina yanayoulizwa na ofisi hueleza mengi juu ya shughuli zake.

Sisemi tujifungie. Huduma za kigeni zina kasi na zina manufaa yake. Lakini kujitegemea ni kujua unamtegemea nani, kwa jambo gani, na utafanya nini asipokuwapo. Kila ofisi yenye mtandao wake iwe na seva yake ya majina. Programu kama Unbound na BIND hutolewa bure, na kompyuta ya kawaida yatosha kuziendesha. Seva hiyo ndiyo iulize nje kwa niaba ya wote, nayo ijibu yenyewe majina ya ndani. Mpangilio wake uandikwe na kutunzwa katika jalada, usibaki kichwani mwa fundi mmoja anayeweza kuhamishwa kesho.

Nanyi walimu, wafungulieni wanafunzi faili hilo walisome kwa macho yao. Ni mistari michache tu. Kijana anayeielewa hatatishika kompyuta inapomwambia kwamba jina halipo. Atauliza: nani amesema?