Tusiidharau Ladha ya Chungu Chetu

Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Msomi wetu wa leo huenda akajua kwamba Soave, mvinyo mweupe utokao karibu na mji wa Verona nchini Italia, huandamana vyema na samaki kwa kuwa uchachu wake hukata mafuta. Lakini mwulize msomi huyo huyo, mzaliwa wa Busia au Malaba, kuhusu ajono ya Wateso, naye atainamisha uso kana kwamba ametajiwa aibu ya ukoo.

Aibu hiyo haina msingi. Unga wa wimbi hutiwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati na kuanikwa juani. Baadaye huchanganywa na maji na kimea ndani ya chungu, ukaachwa tena hadi uive. Wanywaji hukizunguka chungu, wakaongeza maji moto, na kuvuta polepole kwa mirija mirefu yenye chujio nchani. Ladha yake ni ya uchachu wenye harufu ya moshi na nafaka iliyokaangwa. Ndiyo maana yaafikiana na kuku wa kienyeji, samaki wa kukaanga, au kunde zilizoungwa kwa karanga. Kanuni ni ile ile ya Verona: uchachu husafisha ulimi.

Hatusemi wanafunzi wanywe. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo yakataza kumwuzia kileo aliye chini ya umri wa miaka 18, nasi twaiunga mkono. Naam, ajono nayo hulewesha, na nyumba ilizozibomoa zipo. Twasema wafundishwe. Kijana asiyejua tofauti ya pombe iliyochachushwa na pombe kali iliyokenekwa huziona zote kuwa kitu kimoja, na akikua aghalabu hukimbilia ile imleweshayo upesi. Chungu kile kina somo la kemia, la kilimo na la kiasi.

Walimu wa Busia na Malaba, waalikeni akina mama wapika ajono waeleze darasani kazi ambayo imelipa karo za wengi. Asiyeijua ladha ya chungu chake huonjeshwa kila kitu na wengine, akalipa bei waitakayo wao.