Hesabu ya breki ianze kwa mwenye mali

Mfanyabiashara anayepakia mchele Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa kawaida huuliza maswali mawili: nauli ya gunia ni kiasi gani, na mzigo utafika lini. Hali ya breki za lori haiulizwi, ilhali ndiyo inayoamua kama mtaji utafika sokoni ama utaishia bondeni kwenye mteremko wa Kitonga.

Malori mazito hutumia breki za upepo. Kompresa inayoendeshwa na injini hujaza matangi, na kwa malori mengi geji husoma kati ya pauni 100 na 125 kwa inchi ya mraba. Upepo ukishuka hadi karibu 60, taa au kengele huonya. Hapo dereva hana budi kusimama mahali salama mara moja, wakati bado ana upepo wa kusimamishia gari. Akiendelea, ukafika kati ya 45 na 20, springi hufunga breki zenyewe, na lori lililo kwenye mwendo laweza kuyumba na kupinduka.

Mteremkoni kuna hatari nyingine. Breki zikikanyagwa mfululizo, dramu huchemka na kutanuka, lainingi zisishike, huku geji ikionyesha upepo umejaa. Springi nazo haziokoi, kwa kuwa hutegemea lainingi hizo hizo. Dawa ni kuingiza gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, na kamwe kutoachia gari fri ili kubana dizeli.

Madereva wazoefu wanayajua haya. Kinachowashinda ni hesabu za ofisini. Dereva anayekatwa posho kwa kuchelewa hawezi kutegemewa kusimama taa inapowaka.

Hasara nayo haiishii kwa mwenye gari. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani nchini Kenya, lori la kontena liliacha njia na kuua watu wapatao 50, wakiwamo wachuuzi waliokuwa kando ya barabara.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo mwenye lori moja atenge fungu la breki katika kila safari kabla ya kuhesabu faida: lainingi, mipira ya upepo, na ukaguzi wa fundi. Kumwaga maji kwenye matangi kila siku hakumgharimu kitu. Mwenye mzigo naye akubali kimaandishi kwamba gari likisimama kwa hitilafu ya breki hakuna faini. Wakumbuke pia kuwa bima ya lori, hata iwe kubwa, kwa kawaida hailipi mzigo uliomo. Huo hukatiwa bima yake.

Kulala Iringa siku moja kumsubiri fundi hupunguza faida ya safari hiyo. Kuteremka Kitonga bila breki humaliza biashara yenyewe, na roho za watu pamoja nayo.