Upungufu wa Damu na Maradhi ya Utumbo: Tusiridhike na Jibu la Nusu

Wako jamaa zetu wa pwani waliofuata kazi, biashara au ndoa hadi Kericho, kwenye baridi na mashamba ya chai. Mmoja wao akilalamikia uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, lawama hubebeshwa baridi, malaria au hedhi. Huenda ikawa kweli. Lakini iwapo anaharisha kwa majuma mengi, anasokotwa na tumbo au anaona damu chooni, yampasa achunguzwe utumbo pia. Uvimbe sugu wa utumbo huvujisha damu kidogo kidogo, na huuzuia mwili kutumia madini ya chuma.

Kipimo cha kwanza ni hesabu kamili ya damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mwanamume, chini ya 13. Viwango hivi ni vya usawa wa bahari. Kericho iko takriban mita 2,000 juu, ambako hewa ni nyepesi na mwili wa mkaazi huzidisha damu. Kwa hiyo hupunguzwa takriban gramu moja katika jibu lake kabla ya kuamua. Gramu 12.5 zinazomtosha mwanamke wa Mombasa huenda zisimtoshe mwenziwe wa Kericho.

Kipimo cha pili ni feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma. Kwa asiye na uvimbe, chini ya mikrogramu 30 kwa lita ni dalili ya akiba kwisha. Uvimbe huipandisha feritini. Mgonjwa wa utumbo aweza kufika hata 100 ilhali amepungukiwa. Ndiyo sababu hupimwa pamoja na CRP, kipimo cha uvimbe.

Nyumbani, chai na isubiri angaa saa moja baada ya chakula, kwani huzuia chuma cha mboga na kunde kuingia mwilini.

Dada zetu wengi huiona damu chooni wakaiita bawasiri, wakanyamaza kwa haya. Haya ni pambo la muumini, wala haikuwekwa imzuie kutafuta tiba. Hospitali ya Tenwek, Bomet, huchunguza njia ya chakula kwa kamera. Na mgonjwa ana haki ya kuomba kuhudumiwa na mwanamke. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.