Tetea wangu kaniachia somo

Mimi huku Manyovu sina raha. Tetea wangu, ambaye mayai yake ndiyo yalikuwa yananinunulia sabuni na vocha, siku hiyo kaamka kazubaa, anaharisha kijani, shingo imepinda. Nikamnywesha shubiri na pilipili, usiku nikamlaza na wenzake. Wiki haikuisha, banda zima kwisha!

Bwana mifugo kaniambia: huo ni mdondo, hauna dawa. Mgonjwa mtenge, aliyekufa mfukie, usimuuze wala kumgawa. Kinga ni chanjo ya I-2: tone moja jichoni kuku akiwa bado mzima, unarudia kila miezi mitatu.

Tone moja tu, jamani! Nilibania hela ya chanjo, nikazika mtaji. Wa kwako wamechanjwa? Tuonane wiki ijayo.