Elimu ya Mali na Elimu ya Watu

Kijana mmoja aliyesoma kwetu madrasani, naye amemaliza kidato cha sita, alitujia pamoja na baba yake ili tuwaamue. Baba ataka mwanawe asome elimu ya uchumi, kwa kuwa ina hesabu na ina kazi. Kijana ataka elimu ya jamii, ambayo baba yake aliiita elimu ya umbea. Sisi masomo yetu ya skuli yalikomea shule ya msingi, lakini tuliona shauri hili lina la kusemwa, na huenda katika nyumba nyingi za wasomaji wetu mna mabishano hayohayo.

Hapa kwetu Buzwagi, kando ya mji wa Kahama, mgodi mkubwa ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, na uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Mwenye elimu ya uchumi atauliza: zilitoka wakia ngapi, Serikali ililipwa nini, na vyumba vya kupanga vilipanda bei kwa sababu gani? Haya ni maswali makubwa, na asiyeyajua hudanganywa upesi. Mwenye elimu ya jamii huuliza mengine: baba afanyaye kazi usiku na kulala mchana huwalea watoto wake saa ngapi? Mgeni aliyeoa hapa, je, ukoo wake wamjua mkewe? Mshahara ukikatika, ni mtoto yupi aachishwaye shule kwanza? Sisi tuitwao kufungisha nikaha na kusuluhisha waliogombana tumeyaona majibu yake barazani. Lakini pia, ugomvi tulioletewa kuwa ni wa tabia, mara nyingi tuliukuta mzizi wake u katika kodi ya chumba.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, hakuzitenga elimu hizi. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, alieleza makabila na miji, na humo humo akaeleza chumo, kazi za mikono, bei na kodi za wafalme. Akaonyesha kwamba kodi ikizidi, watu huvunjika moyo wa kuchuma, na mji hupungua.

Mfano tuliompa baba ni wa karibu zaidi, nao ni mirathi. Afapo mtu hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Thumni na sudusi ni hesabu tu. Lakini bingwa wa hesabu hawezi kuanza mpaka ajue waliobaki: wake ni wangapi, mama yu hai, kuna mtoto mkoa mwingine ambaye watu wa hapa hawajapata kumsikia? Tuliwahi kugawa mirathi ya mtu wa machimboni, mafungu yakatimia barabara. Siku ya tatu akafika mke wa pili na watoto wawili. Hesabu ilikuwa sahihi, na mgawo ukawa batili.

Baba alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama chuo kimoja chaweza kufundisha zote mbili. Tulimjibu kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinazo zote, ila kila moja ina mlango wake. Kijana amekubali kuomba uchumi, kwa sharti asizuiwe kuchukua na masomo ya jamii. Baba naye ataka kwanza aambiwe ada.