Mhadhara Usiofika Digodigo

Mwaka 2018 taasisi moja ya utafiti wa sayansi huko Bara, ambayo sitaitaja kwa sababu zilizo mfano wake ni nyingi, ilinitaka niifasirie mhadhara wa fizikia. Mhadhara huo ulitangazwa kuwa ni wa hadhara: milango ya maabara ingefunguliwa, umma ungekaribishwa, na mtaalamu angeeleza habari za joto na nishati kwa watu wasio wataalamu. Niliukesha siku tatu. Niliupenda pia, maana uliandikwa na mtu mwenye akili iliyonyooka. Siku ilipofika, mtaalamu akausoma kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Tafsiri yangu ilipangwa juu ya meza karibu na mlango, ubavuni mwa chupa za maji, na waliotoka mapema waliichukua kujipepea.

Hilo ningalilimeza. Mfasiri huzoea kumeza. Lililonikwama kooni ni lile lililotokea katika dakika kumi za maswali. Kijana mmoja aliyeketi safu ya nyuma alinyanyuka akaanza kuuliza kwa Kiswahili. Mwongozaji akamkatiza, tena kwa upole: "Ndugu yangu, kwa ajili ya wageni wetu, tafadhali uliza kwa Kiingereza." Kijana akasimama kidogo, akatafuta maneno, akaomba radhi, akaketi. Mwongozaji akamshukuru.

Nilimfuata nje. Akaniamkia, "Shikamoo mzee," nikamwitikia na kumwuliza alitaka kusema nini. Akaniambia kwao ni Digodigo, wilaya ya Ngorongoro, ambako maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Tangu utotoni amewasikia wakulima wakisema kuwa zamu ya usiku ni bora kuliko ya mchana. Lango la maji ni lile lile, muda ni ule ule, lakini maji yanayofika shambani usiku ni mengi zaidi. "Nilitaka kujua, mzee, hayo ya mchana huwa yanakwenda wapi?"

Nimefasiri maneno ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, na swali zuri nalijua nikilisikia. Lile lilikuwa bora kuliko matatu yaliyoulizwa ukumbini, ambayo mawili kati yake hayakuwa maswali bali salamu. Nimelitafutia majibu vitabuni kwa namna yangu ya mtu aliyejifunza mwenyewe. La kwanza kila mtu analijua: jua hugeuza sehemu ya maji kuwa mvuke. La pili, miti na majani yaliyo kando ya mfereji hunywa sana mchana na kuyatoa maji hayo hewani kwa majani yake, na usiku hutulia. La tatu ndilo lililonistaajabisha. Maji yakipata joto mnato wake hupungua, yakawa mepesi zaidi kupenya katika matundu madogo ya udongo. Maji ya nyuzi 30 za Selsiasi yana mnato pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko maji ya nyuzi 15. Mfereji wa udongo, basi, huvuja zaidi ukiwa na maji ya moto wa mchana kuliko ukiwa na maji ya ubaridi wa alfajiri. Ni lipi kati ya haya matatu linalokula maji mengi zaidi pale Digodigo, au kama lipo la nne, hilo halijibiwi na kitabu. Linamtaka mtu aende na kipimajoto na chombo cha kupimia mtiririko. Kwa maneno mengine, lilikuwa swali la utafiti, limeletwa ndani ya maabara ya utafiti na mtu aliyelipa nauli yake mwenyewe, likarudishwa kitini kwa kuwa halikufunga tai.

Msomaji wa pwani huenda jina la Digodigo hajapata kulisikia. Ni katika vijiji vya Wabatemi, ambao majirani zao huwaita Wasonjo. Wakulima wachache waliozungukwa na Wamasai wafugaji, katika nchi kavu ambayo pasipo chemchemi na mifereji isingemlisha mtu. Mwanaanthropolojia Robert Gray alichapisha kitabu juu yao mwaka 1963, na humo akaonyesha jinsi mamlaka ya kijiji yalivyoegemea maji: wazee wa baraza, wenamiji, ndio wenye kauli juu ya zamu, na nani apewe maji, lini na kwa masharti gani. Sisemi kwamba wazee hao ni wanafizikia. Anayesema hivyo anawasifia kwa sifa wasizoziomba. Wanajua kwamba maji ya usiku ni mengi. Kwa nini ni mengi, hilo ni jambo jingine. Lakini kati ya "kwamba" na "kwa nini" ndimo fizikia yote inamokaa, na mhadhara wa hadhara usiofanya kazi ya kuvusha watu kati ya maneno hayo mawili sioni unafanya kazi gani.

Katika mwaka huo huo wa 1963, mvulana wa shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Jina lake Erasto Mpemba. (Ndugu zangu wa Pemba wasijigambe: huyu ni wa Bara, Umpemba wake ni wa jina tu.) Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa, wakachanganya sukari, wakangoja yapoe ndipo wayatie kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa haba, naye akaogopa kuikosa, akayatia yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomwuliza mwalimu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena, na mwalimu akamwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likafanya kichekesho. Kila alipokosea hesabu, wakasema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mhadhiri. Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alialikwa Mkwawa kuzungumzia fizikia na maendeleo ya taifa, na mwisho wa mazungumzo akaruhusu maswali. Mpemba akanyanyuka na lile lile la siku zote: vyombo viwili vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vikitiwa kwenye friji pamoja, cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wenziwe wakamcheka. Osborne hakuamini, lakini hakumkalisha. Aliahidi kujaribu, akarudi Dar es Salaam akamtaka fundi wa maabara ajaribu. Fundi alileta habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia, akaongeza kuwa ataendelea kurudia hadi apate jibu lililo sahihi. (Fundi huyo nampenda, nchi hii ina wengi wa aina yake, na baadhi yao ni wakuu wa idara.) Mwaka 1969 mwanafunzi na mhadhiri wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na hadi leo jambo lile huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitoa zawadi kwa atakayelieleza vizuri zaidi, zikaja barua zaidi ya elfu ishirini. Wako wataalamu wanaosema halithibitiki. Mwaka 2016 wawili wa Uingereza walilipima tena wasilione. Ubishi ungalipo, na hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo swali linaweza kupewa.

Najua nitakalojibiwa: Mpemba aliuliza kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini alikuwa amekwisha kupita kwenye chekeche ambalo wenziwe wengi wa rika lake waliachwa chini yake. Nani ajuaye ni mangapi kama la Mpemba yaliyobaki jikoni na mashambani kwa sababu mwenye swali hakuwa na lugha ya kulivalisha? Kijana wa Digodigo alimaliza kidato cha nne. Fizikia alifundishwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza, kama ilivyo hadi hivi leo, baada ya miaka saba ya kusoma sayansi kwa Kiswahili. Nasi wa Visiwani tusimcheke, maana Sera yetu ya Elimu ya 2006 ilitaka hesabu na sayansi ziingie katika Kiingereza tangu darasa la tano, mtoto akiwa bado hajaota meno yote.

Watu wa maabara husema Kiswahili hakina maneno. Waseme hawayajui. Tangu 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kani, kanieneo, mnato na nishati yamo yote, yanangoja wa kuyatamka. Na lugha hii haikungoja kamusi ili iujue ulimwengu. Mvuvi wa Nungwi asiyejua kusoma ana neno la maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bamvua, na ana neno la siku ambazo jua na mwezi huvuta kwa kupingana, maji mafu. Mhadhiri wa kani ya uvutano akija pwani na maneno hayo mawili, nusu ya kazi ameikuta imefanywa.

Pingamizi lenye uzito ni jingine, nalo nilitolewa na yule kijana mwenyewe. Nilipomaliza kulalamika kwa ajili yake, akatabasamu: "Mzee, hata Kiswahili si cha nyumbani. Bibi yangu utamwambia kwa Kitemi." Nikanyamaza. Sisi wa pwani tuna tabia ya kuidhania lugha yetu kuwa ndiyo hewa. Lakini Kiswahili ndicho alichokitumia kunieleza, kikatosha, na bibi yake angalikuwa karibu zaidi na jibu kwa daraja moja la tafsiri kuliko kwa mawili.

Wengine hunipa mfano wa Uingereza. Vema. Michael Faraday alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, hana shule ya maana. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za mihadhara ya Humphry Davy katika Royal Institution. Akasikiliza, akaandika alichosikia, akakijalidi kwa mikono yake akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa maabarani. Baadaye yeye mwenyewe alitoa mihadhara ya Krismasi kwa vijana mara kumi na tisa, na iliyo maarufu kuliko yote ilihusu mshumaa. Katika Marekani, Leon Lederman alianzisha katika maabara ya Fermilab, mwaka 1980, masomo ya fizikia ya Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi wa sekondari wa jirani. Wanaotuigiza mifano hii huiga ukumbi, maikrofoni na vitafunio. Hawaigi lile lililo dogo na rahisi kuliko yote: mjalidi vitabu yule aliusikia mhadhara kwa lugha aliyonunulia mkate.

Na asiniambie mtu kwamba Digodigo ni mbali. Mwaka 2011 Samunge, kijiji jirani, kilijaa watu. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyefariki 2021, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikwenda wakubwa na wadogo, wa Tanzania na wa nchi jirani. Simhukumu marehemu. Nasema barabara ilionekana. Aliketi mbele ya watu na kuzungumza nao kwa lugha wanayoielewa, nao wakalala njiani ili wamfikie. Katika umati ule wote sikusikia habari za mwanafizikia.

Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha siku ya Kiswahili duniani, tunasoma mashairi, nami husoma yangu nikapigiwa makofi. Ningeyatoa makofi yote hayo kwa mhadhara mmoja wa joto na maji, kwa Kiswahili, chini ya mti huko Digodigo, nusu saa ya maelezo na saa nzima ya maswali, na mzee mmoja kando akiyapeleka maneno kwa Kitemi.

Tafsiri ya ule mhadhara bado ninayo. Atakayeitaka nitampa bure. Aende wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa ya kugombaniwa, achukue kipimajoto, na akae hadi zamu ya usiku.