Kuchanganua Mstari: Kazi ya Mwanaisimu

Aghalabu mwanafunzi anayeanza kutunga programu ya kuchanganua matini ya Kiswahili huifunza tarakilishi mambo matatu: isome mstari, iukate kila palipo na nafasi, kisha ivue viambishi awali ili mzizi ubaki. Sentensi chache za kwanza hukubali, naye mtungaji hufurahi. Anapoileta gazeti, programu hukwama. Hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika kuliko fundi wa tarakilishi.

Tuchukue neno ng'ombe. Programu inayodhani kwamba ritifaa ni alama ya uakifishi tu hulipasua neno hilo vipande viwili visivyo na maana. Tuchukue pia anakuona na anakula. Katika neno la kwanza, ku ni kiambishi cha mtendwa. Katika la pili, inauegemeza mzizi wa silabi moja. Kanuni moja ikitumika kotekote, mtoto anayekula wali atageuka kuwa anamla msomaji! Nao wali utakatwa kuwa wa na li, programu isubiri mzizi wa kitenzi usiokuwapo.

Dawa si kurundika kanuni. Nomino zitafutwe kwanza katika orodha kabla ya kiambishi chochote kuvuliwa. Vitenzi vya silabi moja vipewe kanuni yao. Neno lililoishinda programu lisitupwe kimyakimya, bali liandikwe kando pamoja na mstari wake, kwa kuwa humo ndimo kasoro hujidhihirisha. Hatimaye, kila kanuni mpya ijaribiwe kwa sentensi zilezile za awali, isije ikatengeneza hapa na kubomoa pale.

Wapo watakaodai kwamba siku hizi tarakilishi hujifunza yenyewe kutokana na wingi wa data. Dai hilo lina ukweli nusu. Mwaka 2006, Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi walionyesha kwamba tarakilishi yaweza kujifunza kubainisha aina za maneno ya Kiswahili. Hata hivyo, ilijifunza kutokana na matini yaliyokwisha kubainishwa, nayo yalitoka Helsinki, alikofanyia kazi Arvi Hurskainen tangu miaka ya 1980. Baadaye mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha Vyuo Vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Huo ni mwanzo mwema, lakini matini hayajichanganui.

Mwanafunzi wa Kiswahili wa Bewa la Kikuyu, anaposhuka mjini kwa matatu kupitia Kangemi na Westlands, hupita karibu na Chiromo wanakosomea wenzake wa tarakilishi. Kutoka Bewa Kuu, Chiromo ni mwendo wa miguu. Umbali uliopo ni wa mazoea tu: mmoja anajua ngeli, mwingine anajua kuamuru mashine, na hawajaketi meza moja. Idara zao ziwakutanishe, hata kwa tasnifu moja ya pamoja kila mwaka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikwisha kuja; kupona kwamtaka mwenyeji mwenyewe anyanyuke.